Dakika Tatu kwenye Jiriwa

Ilianza kama meno ya mtu aliyeshikwa na baridi:
tatatatata, sekunde nne, kisha kimya.
Mwezi wa saba, Timaru, barafu imeganda kiooni,
nami nimeduwaa, ufunguo mkononi,
nalisikiliza gari la kaka yangu likinung'unika.

Tamahou aliliacha alipokwenda Australia kuchimba chuma.
"Liwashe kila Jumapili," alisema, "lisije likanisahau."
Turbo kubwa kama kichwa cha mwanakondoo,
springi za valvu ngumu kuliko za kiwandani,
bomba la moshi lililoniletea polisi wawili
na jirani mmoja, ambaye ndiye mbaya zaidi.
Kila kitu alikibadili, akakitia nguvu, akakisifia,
ila kidude kimoja cheusi, kinene kama kidole gumba,
kinachousukuma mkanda usilegee.
Hicho hakiongezi mbio.
Nani amewahi kujigamba kwa kikazio?

Lakini mkanda ukiruka meno mawili tu,
valvu na pistoni hukutana
mahali wasipopeana miadi.

Mchana natengeneza malori ya maziwa.
Usiku nikafungua redieta, feni, puli ya krenki
(bolti yake ilinitukana hadi saa tano),
vifuniko vitatu vya plastiki, na ndani
mkanda mzima, mpole,
na kikazio kinatoka jasho la oili.
Nilikibonyeza kwa gumba, kikakubali.
Kikazio kizima hakikubali.

Kipya kikaja kwa basi kutoka Christchurch.
Maelekezo: kibane kwenye jiriwa polepole,
dakika tatu au zaidi, hadi matundu mawili yakutane,
ndipo upitishe pini.
Mimi nikazungusha mkono wa jiriwa kama nakamua shuka.
Sekunde ishirini.
Kikasema *pf*,
oili ikanichora mstari hadi kiwikoni.
Mwenye pupa hadiriki kula tamu;
mimi sikudiriki hata kufunga bolti,
na dola mia na themanini zimekwenda.

Cha pili nikampa mwanangu, Manaaki,
miaka tisa, mtoto ambaye uji humpoa bakulini
akiwa bado anautazama.
Akageuza mkono wa jiriwa robo, akasimama,
akaanza habari ya kalunguyeye aliyeingia darasani kwao:
alivyojificha nyuma ya kabati,
robo nyingine,
mwalimu alivyopanda juu ya kiti,
robo,
alivyokataa tufaha akala chaki,
hapana, mama, ngoja, si chaki, ilikuwa mkate,
acha nianze tena.
Nikauma ulimi.
Kalunguyeye alipofika salama bustanini
matundu yalikuwa yametazamana.
"Pini, mama."

Tukavisha mkanda, mistari yake myeupe
juu ya alama za magurudumu, moja moja, tochi mdomoni.
Pini nikamwachia aivute yeye.
Hapakuwa na sauti. Ulegevu tu ulitoweka,
kama chumba kinavyonyooka mtu akiingia.

Nikazungusha krenki kwa spana, mizunguko miwili,
Manaaki akapiga kelele: mistari imehama, tumeharibu!
Nikamwonyesha: mistari ya mkanda hutangatanga,
itachukua mizunguko mingi kurudi ilipoanzia.
Tazama magurudumu. Hayo yamerudi.
Akayatazama muda mrefu sana, kama kawaida yake.

Jumapili Tamahou akapiga simu.
Nikaishika simu juu ya injini inayonguruma.
"Sisikii kitu," akasema.
"Ndicho nilichokilipia."
Akacheka. Kisha akasema kazi imeongezwa,
Krismasi hatakuja, pengine na Pasaka.
Nikatafuta neno la haraka nikalikosa.

Manaaki akanyoosha mkono, akaichukua simu,
akakaa juu ya tairi la akiba.
"Mjomba," akasema, "kuna kalunguyeye
aliingia darasani kwetu,"
akanyamaza kidogo, akageuza robo.