Sakafu ya Pijo

Niamat hatazami. Anagonga.
Amelala chali chini ya Pijo la marehemu baba,
anagonga kwa kitako cha bisibisi, toka mlangoni kwenda kati:
ko, ko, ko,
halafu pu.
Penye pu anachora duara kwa chaki.

Adhana ya alasiri inapita juu ya magereji ya Wadi Kabir,
na duara zote zimeshaingiliana.
"Sakafu hamna, dada," ananiambia kwa Kiarabu chake cha Gujranwala.
"Miaka yote mlikuwa mnakanyaga zulia."

Nilikuwa najua. Tangu nina miaka sita najua.
Upande wangu, nyuma ya kiti cha baba,
palikuwa na tundu, ukubwa wa sarafu ya baisa hamsini,
na barabara ya Ruwi ikipita mle kama uzi kwenye sindano.
Nilikula tende, nikadondosha kokwa moja moja
nikitumai njia nzima itaota mitende.
"Usimwambie mama yako," alisema baba kwenye kioo.
Sikumwambia. Mama amekumbatia mkoba wake mbele,
anasifu chuma cha Wafaransa.

Baba alirudi mwaka sabini na mbili.
Walisema amerudi; nchi yenyewe hajapata kuiona.
Ofisini alisema Kiarabu kama mtu aliyevaa viatu vya kuazima.
Milango minne ikishafungwa, Kiswahili:
kumtukana wa mbele, kupiga hesabu za mwezi,
kulibembeleza gari kwenye mwinuko wa Bidbid,
twende mama'ngu, twende, usiniaibishe mbele ya malori.
Lugha yetu ilikuwa na chumba kimoja, chenye magurudumu,
na chini kilikuwa kinaliwa.

Niamat hakati kwanza.
Kwanza anachomelea vyuma viwili kwenye nafasi za milango,
maana ukiondoa sakafu bila kulishikiza
gari linajikunja katikati, na milango haifungi tena.
Nikamkumbuka Harith, na mimi, wiki ile baada ya matanga.
Sisi nani alitushikiza?

Kisha msumeno wa umeme, cheche, harufu ya sarafu iliyoungua.
Sakafu ikatoka vipande vipande, myembamba kama kaki,
chini yake mchanga wa safari ambazo hakuna aliyeziandika.

Buti lilikuwa baya zaidi.
Madumu ya maji ya shangazi Zuwena, kabla hawajavuta mabomba,
yalivuja humo Ijumaa hata Ijumaa.
Chini ya lami Niamat akakuta kiraka:
debe la samli lililopasuliwa, ng'ombe mwekundu bado anatafuna,
riveti kumi na tisa.
Akacheka. "Fundi gani huyu? Mwizi!"
"Baba yangu."
Akavua glavu. Akapitisha kidole juu ya riveti,
moja, moja, mpaka ya mwisho.
"Mstari umenyooka," akasema.

Harith akapiga simu kutoka Abu Dhabi:
kwa pesa hizo ungenunua gari zima.
Nikamwambia bati la kushoto limefika kutoka Sharjah,
la kulia halipo popote, Niamat anakunja lake mwenyewe
juu ya kipande cha bomba, anapima, anakunjua, anakunja.
Kimya. Halafu: "Ng'ombe yule usimtupe."

Leo sakafu ni ya kijivu, inanuka rangi mbichi.
Nimekaa nyuma, upande wangu.
Tundu liko palepale.
"Nimelitoboa mimi," anasema Niamat. "Kila sakafu ya Pijo inalo,
la kiwandani, maji yapate kutoka. Ile haikuwa kutu.
Kizibo chake tu ndicho kilianguka,
au kuna mtu alikichomoa."

Ananipa kizibo kipya, cha mpira, cheusi,
anakwenda kunawa mikono.
Nakishika mpaka kinapata joto.
Nakitia mfukoni.