Mwenye Jina Haliwi

Brno, Januari. Theluji imeziba dirisha la gereji,
ndani mnanuka mkojo na vumbi la mbao.
Vendulka anainua kifuniko, ahesabu:
kumi na mmoja, wekundu, macho yangali yamefumba,
hata ncha ya kidole hawajafika.

Mama yao hana jina. Ndiyo kanuni:
mwenye jina haliwi.

Juu, sebuleni, chatu amejiviringa chini ya taa,
anangoja Alhamisi.

Ila yule dume wa sikio lililochanika,
apandaye mkono akilamba chumvi ya kiganja —
mara tatu sasa koleo limemruka,
limembana wa pembeni.

Mezani Ctibor auliza, "Yule bado tu?"

"Bado amekonda,"
na mfukoni mwa aproni
ganda la jibini.