Asilimia ya Nini

Daktari Arrizabala ana mikono safi na kalenda iliyojaa.
Ametugeuzia skrini: nguzo za samawati, ndefu,
zimesimama kama jibu.
"Asilimia arobaini na mbili," asema,
na kalamu anaisogeza taratibu juu ya meza
hadi inagusa kidole changu.
Tukisaini kabla ya Ijumaa bei inashuka,
na vitamini ni bure.

Mimi ni mkaguzi wa lifti.
Miaka kumi na minne napanda na kushuka majengo ya Bilbao,
nategea sikio waya wa chuma
mpaka nisikie uzi mmoja uliokatika kati ya mia.
Sijawahi kuitilia saini lifti niliyoonyeshwa kwa picha.

Basi nikauliza: asilimia ya nini?
Ya waliojidunga sindano ya kwanza,
au ya waliofika siku ya kupandikizwa?
Ya vipimo vilivyotoa mistari miwili,
au ya watoto waliolia?
Na wa umri wangu, thelathini na tisa na miezi minne,
wamo katika nguzo ipi?

Si mtu mbaya. Alivua miwani, akaifuta,
akatafuta jedwali jingine, hili halina rangi.
Kumi na mmoja katika mia.
Kumi na mmoja.
Chini ya meza Koldo alinishika goti
kwa mkono unaonuka vitunguu.

"Na nikichukua wiki tatu kufikiri?"
Akanitazama kama mtu aliyeombwa kitu kidogo mno.
"Wiki tatu," akakiri, "hazibadilishi kitu."

Nje kulikuwa na ile mvua yetu
isiyojua kama ni mvua au ni ukungu.
Hatujafika darajani, mama mkwe kapiga simu:
mnangoja nini, tumbo si benki.
Dada yangu Nekane: achana nayo, Mungu hakusahau.
Garbiñe, aliyejaribu mara nne,
alinifungulia droo ya sindano zilizobaki,
akasema hajuti,
ila angependa mtu angemwambia, baada ya ile ya pili,
kwamba kuacha nako ni uamuzi.
Yeye peke yake hakuniambia nifanye nini.
Wengine wote wananibebea haraka.
Hakuna anayenibebea sindano.

Najua, mayai hayana subira.
Sikuomba mwaka. Niliomba siku ishirini na moja
na daktari wa pili.

Huyo, kwenye hospitali ya umma, ofisi yenye feni mbovu,
alimtazama Koldo kwanza.
"Na wewe, ulipimwa lini?"
Miaka mitatu ya damu yangu kwenye vichupa,
miaka mitatu ya miguu yangu juu ya vyuma vile vya baridi,
na yeye hakuna aliyemuuliza.
Akacheka, kisha hakucheka tena.
Majibu yake hayajarudi.

Usiku tunaandika nyuma ya ratiba ya chakula
ya shule anakopika
(Jumatatu dengu, Ijumaa samaki):
fedha kiasi gani tunaweza kupoteza bila kuuza gari.
Viinitete vikibaki, vitakuwa vya nani.
Nani atakayetamka "basi", na lini.
Hapo penseli ilisimama.
Yeye aliandika majaribio mawili, mimi matatu.
Hatukufuta.
Karatasi iko kwenye friji, chini ya sumaku ya limau,
na tunapofuata maziwa asubuhi tunaisoma
bila kusema.

Jana nilikuwa Deusto, jengo la ghorofa saba.
Bibi mmoja wa ghorofa ya sita
alisimama na mifuko ya sokoni, limbichi zikichungulia nje.
"Binti, itakuwa tayari leo?"
Sikio langu lilikuwa kwenye waya.
"Ngoja kidogo," nikamwambia,
"bado unaongea."