Matundu ya Gunia

Waliokuja Elburgon kutengeneza filamu ya vita
walitaka wanaume sitini wa kuchuchumaa,
shilingi mia mbili kwa siku, chai na nusu mkate.
Baba akaenda. Magoti yalikuwa yamekufa,
lakini kuchuchumaa, alisema, hakusahauliki.

Uwanja wa kiwanda cha mbao ukageuka kambi:
seng'enge mpya, mnara wa mtarakwa mbichi unaotoa utomvu,
askari wa kukodi katika kaptula za kukodi.
Wakamleta mtu wa gunia.
Hana uso. Anapita mbele ya safu, anatikisa kichwa:
huyu. Huyu siye. Huyu.
Macho yake matundu mawili, duara safi, kazi ya mkasi.

Baba akainuka safu ya tatu.
"Sivyo," akasema.
"Hukatwa kwa kisu, gizani, na mkataji ana haraka.
Tundu la kushoto hushuka. Upande huo
huoni watu, unaona miguu yao.
Na gunia la pareto huwasha pua. Utapiga chafya.
Ukipiga chafya, anayekujua amekujua."

Mwongozaji, kijana wa hereni moja, akaandika yote.
"Mzee umefanya utafiti!"
Wanaume hamsini na tisa
waliokuwa wakiigiza kuchuchumaa
wakachuchumaa kweli.

Nyumbani kwetu hapakuwa na gunia hata moja.
Viazi vilikaa kwenye kreti za bia, mahindi kwenye pipa.
Tulidhani ni usafi.
Kila Desemba alimpelekea Nyagaki, mjane wa Mbuthia,
debe la unga, akilitua mlangoni bila hodi.
Tulidhani ni wema.

Mbuthia tulimjua kwa hadithi moja tu:
walipasua magogo kwa msumeno mmoja,
mmoja amesimama juu ya gogo, mmoja yuko shimoni,
unga wa mbao ukimwagikia macho ya wa chini.
Usiku walilala blanketi moja,
na chini ya blanketi mtu husema mengi.
Baba hakuwahi kutuambia
nani alikuwa juu.

"Basi livae wewe," mwongozaji akasema.
Sijui kama alilivaa. Nilikuwa nimetumwa sukari,
na niliporudi kila mtu alikuwa akitazama chai yake.

Mwaka uliofuata filamu ikaonyeshwa Nakuru,
ukumbi umejaa, watoto wamekaa sakafuni.
Mtu wa gunia akaja, jicho moja chini ya lingine,
akatembea kama mwenye magoti mabovu,
akafika mbele ya kijana mmoja, akasita,
akapiga chafya.

Ukumbi mzima ukacheka. Hata mimi.
Baba alikuwa pembeni yangu, kofia mapajani,
akiikunja, akiikunjua.

Viti viwili mbele yetu
Nyagaki hakugeuka.
"Afya," akasema,
taratibu,
kama umwambiavyo mtu wa nyumbani.