Maili Tisa

Sisi jina letu ni masafa.
Wenzetu wameitwa kwa visima na mizambarau,
sisi tumeitwa kwa umbali wetu na Chake,
kama mtoto aliyepewa jina la mjomba
aliyekwenda asirudi.

Jiwe lipo bado. Bi Mize Asaa
hulikalia akichambua mchele.
Tarakimu imelika tumboni,
ile tisa sasa ni ndoana tu.

Kabla ya jiwe palikuwa na ujia wa miguu,
upana wa mtu mmoja na kanda la karafuu.
Ulikwenda sawa hadi kwa Mchande,
hapo ukapinda ghafla, pasipo kilima wala shimo:
palikuwa na nyuki.
Nyuki walihama. Kona ikabaki.
Wakaja wenye sururu, wakaifuata kona,
ikaja lami, ikaifuata sururu,
na madereva wa miaka hamsini
wakakata usukani kuukwepa mzinga
ambao hawakuuona.

Kisha gari la ng'ombe, la Faki Shaame.
Madume yake mawili aliyaita Karani na Hakimu
apate kuwachapa bila kesi.
Alilipwa kwa gunia, na gunia kwa maili,
na maili kwa mawe yaliyosimama njiani;
nasi tulikuwa tumezidi ya nane
lakini ya tisa hatujaifikia,
na ghala haikujua kulipa vipande.

Usiku mmoja, mwezi haujatoka,
Faki aling'oa jiwe kule juu lilikowekwa na serikali
akalifunga kamba, akalirudisha
hadi mlangoni pa ghala.
Waliolivuta ni Karani na Hakimu wenyewe.
Wanasema aliwanong'oneza hivi:

Vuta pole we Hakimu, na Karani nyamazeni,
mzigo huu adhimu, hauna risiti ndani,
maili ina utamu, ikilala mlangoni,
atakayetushutumu, naye apime njiani.

Hakuna aliyepima.
Asubuhi mji ulikuwa na jina.

Malori yalipokuja yalisimama hapa kupoza maji,
na penye injini ya moto pana njaa:
Bi Mize akatoa mkate wa kumimina,
akaja kinyozi na kioo chake chenye ufa,
likaja sanduku la posta, jekundu,
likafunguliwa kila Alhamisi, penye barua au pasipo.
Utingo walipiga bodi, «Tisa! Tisa! Wa Tisa washuke!»
nasi tulishuka, bila haya,
katika uongo wetu.

Mwaka ule wa wapimaji
alikuja kijana mwenye gurudumu la kusukuma kwa mkono.
Alilisukuma toka Chake, akafuata hata kona ya nyuki,
akasimama mbele ya jiwe, akafuta miwani.
«Mama, hapa ni kilomita kumi na tatu na kitu.
Hiyo ni maili nane na robo.»
Kinyozi alinyamazisha mkasi.
Bi Mize hakuinuka juu ya jiwe.
«Robo tatu iliyobaki tumeila, mwanangu.
Tumesomeshea watoto.
Unataka tuitapike?»

Kijana aliandika kitu. Hatukujua nini.
Barabara mpya ilipokuja ilinyooka kama uzi wa fundi,
ikapita ng'ambo ya bonde la mpunga,
ikatuacha na kona yetu.
Sanduku la posta limeota kutu, kuku hutagia ndani.
Kinyozi yupo Wete.

Jana niliteremka kwenye kituo kipya,
kibao cheupe kisicho na neno.
Nikavua viatu, nikashika tuta la mpunga,
kapu la sukari na mafuta ya taa mkononi,
tope hadi kifundoni,
nikitembea kipande ambacho gari hailipwi.
Ni kirefu kuliko nilivyodhani.
Nilipofika, Bi Mize alisogea kidogo jiweni, nipate pa kukaa.
«Umechoka?»
Nikamwambia: sasa ndiyo tisa.