Radi Anakataa Kuruka

Daftari lilikuwa na twiga kwenye jalada,
kurasa tisini na sita, nusu zimeliwa na hesabu.
Nusu iliyosalia ilikuwa nchi yetu.
Mimi niliandika, Nabintu alichora,
tumeketi juu ya ukuta wa mawe meusi kule Majengo,
mawe yanayokwaruza sketi na kutunza joto hadi magharibi.

Humo aliishi Radi, chukudu mwenye mabawa ya turubai,
na chini ya mwamba aliishi Kinywa,
jitu la moto lisilokula watu,
ila kila mpita njia lilimuuliza swali moja.
Malkia Masika hakuogopa swali.
Malkia Masika alijibu kabla halijaisha.
(Masika ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi.)
Nabintu nilimwambia ajichore nyuma, mdogo,
juu ya magunia ya makaa.
Akajichora.

Jumamosi moja tuliichukua chukudu ya kweli,
ya mjomba wake Zihalirwa, bado inanuka kabichi za Kibumba,
pale pa goti pamepigiliwa kipande cha kandambili.
Nabintu akasema, usiku mvua imenyesha.
Nikasema, malkia haogopi mteremko.
Gurudumu likauma jiwe, usukani ukalia *ka!*
nami nikajikuta mtaroni, jino moja pungufu.

Mjomba hakuuliza.
Alimwona Nabintu ameshika usukani, vipande viwili,
kama mtu aliyebeba kuku aliyekufa.
Alimwona, akatosheka.
Mdomo wangu ulikuwa umejaa damu.
Ndiyo sababu niliyojipa.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi.
Yangu ilikuwa siku kumi na moja,
na kila siku ilipita mbele ya ua wao,
Nabintu akipanda kutoka ziwani na bidoni,
mbili, halafu mbili tena,
kulipia mbao.

Nikaandika peke yangu. Radi akakataa kuruka.
Nikampa upepo, akakataa.
Nikamfuta adui, nikaweka adui mwenye pembe zaidi.
Akasimama tu, gurudumu limegeuka upande,
kama mbuzi anayejua anapelekwa wapi.
Ukurasa wa sabini na mbili, Kinywa akaamka.
Swali lake halikuwa la nyota wala la hazina:
*Nani alivunja usukani?*
Niliandika mimi, kwa mkono wangu, kwa Biki yangu,
na sikujua nimeandika nini mpaka nilipolisoma.

Mjomba Zihalirwa alikuwa anapiga randa.
Nilisema yote bila kumeza mate,
hata lile la kuogopa, hata lile la damu.
Hakusema amenisamehe. Alisema, "Shika hapa."
Nikashika mbao. Akapigilia.
Nilihesabu misumari: tisa.

Nabintu hakurudi ukutani kesho yake,
wala kesho kutwa.
Nilidhani ukweli ni ufunguo;
kumbe ni kubisha hodi tu,
mwenye nyumba ana haki ya kukaa kimya.

Alipokuja, alikuja na kalamu yake.
Akaandika mwenyewe, herufi za kuku,
ukurasa wa sabini na tatu.
Akamng'oa malkia jino. Akamvua taji.
Akamwangusha mtaroni, akamchora matope mpaka nyusi.
Kisha akajichora mbele,
goti kwenye kandambili,
mikono juu ya usukani wenye kovu la misumari.

"Na mimi?" nikauliza.
"We utasukuma," akasema. "Mpaka nikuambie panda."

Nikasukuma.
Kurasa kumi na nne za kupanda mlima,
jivu machoni, Kinywa akitutazama bila kuuliza kitu.
Nilihesabu kurasa zilizobaki, kimoyomoyo,
sikuthubutu kuzitaja.

Ukurasa wa themanini na saba
Radi alikohoa, akatikisa turubai.
Na Nabintu, bila kugeuka,
akavuta gunia moja la makaa kando,
ikabaki nafasi nyuma yake,
nyembamba,
ya mtu mmoja aliyekonda.