Ilikuwa Krosi

Nilizaliwa Scunthorpe kwa sababu ya mkataba wa miezi kumi na minane.
Jino la kwanza liling'oka Carlisle, la pili Torquay,
na kati ya meno hayo mawili kuna karibu maili mia nne
ndani ya gari dogo jekundu,
kikaango magotini pa mama,
paka kapuni akilalamika kwa niaba yetu sote.

Baba yangu, Clive Hebblethwaite, winga wa kushoto:
timu kumi na moja, miaka kumi na saba.

Mgeni siku ya tatu mpe jembe.
Baba alipewa jezi siku ya kwanza,
mgongoni bado kuna gundi
pale jina la mtu mwingine lilipobanduliwa.

Uwanja ni mpana, lakini yeye alikatiwa utepe wa nyasi
usiozidi upana wa kitanda cha wageni,
huku beki anayenuka dawa ya misuli,
huku wazee wa jukwaa la bei nafuu
waliomtukana kwa jina lake la kwanza,
taratibu, kama majirani.
Alirudi nyumbani na chaki kwenye njumu.
Mama aliifagia bila kuuliza matokeo.

Chenga yake ilikuwa moja.
Bega ndani, mguu nje, kisha mbio.
Kila beki wa daraja la nne aliijua.
"Na mvua wanaijua," alisema baba,
"wanalowa vilevile."

Kila nyumba ya kupanga nilisimamishwa kwenye fremu ya mlango,
rula kichwani, mstari wa penseli, tarehe.
Tukihama, fremu inabaki.
Wapangaji wengine wamepaka rangi juu yangu.
Nadhani mahali fulani Hartlepool
bado nina miaka saba.

Wakala alipenda kupiga simu usiku.
Mama hakungoja baba aweke mkono wa simu chini,
alikwenda kutafuta maboksi.

Kisha Grimsby, kwa mkopo.
Nilimuuliza Bi. Applegarth darasani:
sukari naelewa, lakini mtu anakopwaje?
Akafikiri. "Hurudishwa," akasema.
Hakurudishwa. Timu iliyomkopesha ilimsahau
kama mwavuli.

Na hapo Grimsby, Januari, raundi ya tatu ya kombe,
wakaja wakubwa kutoka London
na basi lenye vioo vyeusi.
Dakika ya themanini na nane, upepo wa Bahari ya Kaskazini
ukivuta vibendera vya kona hadi vikasujudu.
Baba: bega ndani, mguu nje.
Mpira ukapanda, ukasita,
ukampita kipa juu ya vidole
ukaingia pembe ya mbali.
Watu wazima walilia wakiwa wameshika pai za moto.
Duka la chipsi likatulisha bure mpaka Pasaka.

"Nilimwona kipa ametoka," aliwaambia waandishi.
Akawaambia tena Yeovil, na Rochdale,
na muuguzi aliyemfunga goti,
na mume wangu siku ya posa.

Sasa anapeleka vifurushi Rotherham.
Goti linasema kwenye ngazi kabla yake.
Akitembea hufuata ukingo wa njia,
kisigino karibu na barabara,
kama mtu anayetarajia pasi.

Alhamisi nilipanda naye, gari langu lilikuwa kwa fundi.
Taa nyekundu, karibu na kiwanda cha vioo.
Hakunitazama.
"Ilikuwa krosi, unajua.
Nilikuwa namtafuta Dougie kwenye nguzo ya pili."

Najua, nikasema.
Mama alinidokeza tangu Yeovil,
nikiwa nimesimama wima dhidi ya mlango,
penseli ikinikwaruza nywele.

Akacheka kwa pua.
"Noreen," akasema, "na mdomo wake."
Halafu akanyamaza, kidole kikigonga usukani.
"Dougie alikuwa peke yake kabisa. Angefunga."

Taa ikawa kijani. Wa nyuma akapiga honi.
Tulikuwa bado na vifurushi arobaini.